Mwalimu wa Arusha na Mimi Tukutane Wapi? Kuhusu Mtandao wa Vyama vya Walimu wa Kiswahili

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya walimu wa Kiswahili, Adams Arcade, Nairobi



Miaka michache iliyopita nilipokea mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye familia yake ilikuwa imehamia hapa Woodley kutoka Arusha. Katika jaribio lake la kwanza niliuliza neno "mti" liko katika ngeli gani. Akaandika M-MI. Mwongozo wangu wa kusahihisha ulisema U-I, nami nikamkata kwa wino mwekundu. Hakulalamika. Alifungua daftari lake la zamani, akaweka kidole kwenye mstari: mti, miti, M-MI. Mwalimu wake aliainisha ngeli kwa umbo la nomino. Mimi kwa upatanisho, mti umeanguka, miti imeanguka. Njia zote mbili zina wataalamu wake na zimefunzwa miaka mingi. Nilimrudishia alama zake mbele ya darasa, nikamwomba radhi. Lakini yule mwalimu wa Arusha na mimi tungekutana wapi?

Vyama tunavyo. Kenya tuna CHAKITA tangu 1998. Kuna CHAKAMA cha Afrika Mashariki, na tangu 2012 kuna CHAUKIDU, kinachowaunganisha wanaofundisha Kiswahili ng'ambo na sisi wa nyumbani. Nimehudhuria makongamano na nimenufaika nayo sana. Ila tazama orodha ya wawasilishaji: wengi ni wahadhiri. Mwalimu wa msingi au wa upili, mwenye rundo la insha hamsini mezani, husikia habari za kongamano likiwa limeshakwisha.

Historia yetu ina funzo hapa. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa 1930 kuhudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Makao yake yalitoka Dar es Salaam yakaja hapa Nairobi 1942, yakaenda Makerere 1952, kisha Mombasa 1962, kabla ya kurudi Dar es Salaam, ambako kamati ilizaa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Ilikuwa kamati ya wakoloni, na mwalimu wa darasani aliletewa maamuzi yakiwa yameshapikwa. Hilo tusiliige kamwe. Hata hivyo, ilihama mji baada ya mji bila kufa, na naamini ni kwa sababu ilikuwa na katibu na ilikuwa na jarida. Jarida hilo lingali hai, kwa jina la Kiswahili.

Walimu wa lugha za kigeni nao waliunda shirikisho lao, FIPLV, mjini Paris mwaka 1931. Humo wanachama ni vyama vyenyewe, kila kimoja na katiba yake. Muundo huo unatufaa: CHAKITA kibaki CHAKITA, na wenzetu wa Kampala waje na chama chao. Kampala nawataja kwa makusudi. Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifunzwe kwa lazima shuleni. Mwalimu anayeanza huko anamhitaji mwenzake kuliko anavyohitaji hotuba. Mwaka uo huo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na watoto wa Goma na Bukavu wana Kiswahili chao ambacho wino wetu mwekundu haujajifunza kukiheshimu.

Kwa hiyo naomba mambo machache: katibu mmoja anayelipwa kwa ada za vyama, barua moja kila muhula, na kubadilishana karatasi za wanafunzi kuvuka mipaka. Kongamano kubwa linaweza kungoja.

Mezani karibu na mlango nimeweka nakala thelathini za jaribio la ngeli, majina yamefutwa. Kila chama kichukue tano, kizisahihishe kwa mwongozo wake, kizirudishe kabla shule hazijafunguliwa. Za Arusha nitazipeleka mwenyewe kwa basi.