Mbele ya Hekalu la Jirani



Wakati wa likizo, familia nyingi za shamba, hapa Unguja, hushuka mjini pamoja na watoto. Wakishanunua viatu vya shule Darajani, huwatembeza wadogo katika vichochoro vya Mji Mkongwe ili waione Ngome Kongwe, Forodhani, na kanisa kuu letu la Mtakatifu Yosefu, ambalo wenyeji, Waislamu kwa Wakristo, huliita Minara Miwili. Wapitapo Hurumzi, watoto husimama ghafla. Juu ya mapaa ya mabati wameona mnara mwingine, si wa msikiti wala wa kanisa, uliochongoka na kunakshiwa hadi kileleni. Ndilo hekalu la Wahindu liitwalo Shiv Shakti. Viatu huachwa mlangoni. Ndani kengele hulia, taa huwaka, na sanamu zimevikwa nguo za rangi na mashada ya maua. Mtoto huuliza palepale: je, hawa wanaabudu sanamu?

Swali hilo huwafikia makatekista pia, na wengine hulijibu upesi mno.

Tumtazame Mtume Paulo alipokuwa Athene, kama tusomavyo katika Matendo ya Mitume, sura ya 17. Alipouona mji umejaa sanamu, roho yake ilichukizwa. Hata hivyo hakuvunja kitu, wala hakutukana mtu. Alizunguka, akatazama kwa makini, akasoma hata maandishi ya madhabahu mojawapo. Na aliposimama kuhubiri alianza na kile alichokisoma. Paulo alichukizwa kweli, tena aliheshimu kweli. Tusimpunguzie lolote kati ya hayo mawili.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifuata njia hiyo katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965 juu ya dini zisizo za Kikristo. Uliutaja Uhindu kwa jina, ukafundisha kwamba Kanisa halikatai lililo la kweli na takatifu katika dini hizo. Na hapohapo ukalikumbusha Kanisa wajibu wake wa kumtangaza Kristo bila kukoma. Wapo kwetu walioshika nusu moja ya fundisho hilo, na wengine nusu ya pili.

Kuhusu sanamu, tupime maneno yetu. Mhindu akiingia Minara Miwili ataona sanamu za watakatifu, na michoro ya Agano la Kale ukutani. Akituambia kwamba twaabudu plasta, tutaumia, nasi tutamweleza kuwa Mtaguso wa Nisea, mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima ya sanamu humwendea yule anayewakilishwa nayo. Basi tusimwambie mtoto kwamba jirani anaabudu jiwe kabla ya kumsikiliza jirani mwenyewe. Wahindu wengi watatuambia kwamba Mungu ni mmoja, naye huonekana kwa sura nyingi. Hapo ndipo njia zetu zinapoachana, maana sisi twasadiki kwamba Neno alifanyika mwili mara moja tu, katika Yesu wa Nazareti. Mtoto na aambiwe hivyo waziwazi, bila kejeli.

Wahindu wa Zanzibar ni wachache. Wengi wao waliondoka baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Sisi pia tu wachache. Tarehe 17 Februari 2013, siku ya Jumapili, Padre Evarist Mushi alipigwa risasi na kuuawa alipokuwa akienda kuadhimisha Misa. Aliyeshika tanga hilo atawezaje kumwachia mwanawe acheke mlangoni pa ibada ya watu?

Limebaki jambo gumu zaidi. Mzee wa hekalu, kwa ukarimu wake, humnyoshea mtoto kipande cha tamutamu kilichokwisha kutolewa mbele ya sanamu. Apokee? Mama humtazama baba, na baba hutazama chini. Paulo aliwaandikia Wakorintho wa zamani juu ya jambo hili hasa: kinachouzwa sokoni, kuleni bila kuuliza, mkialikwa nyumbani kwa mtu, kuleni, lakini mkiambiwa kwamba kimetolewa sadaka, msile. Hapo hekaluni hatuna haja ya kuambiwa, maana tumekiona kilikotoka. Mtoto asipokee. Lakini asikunje uso, wala asifundishwe kwamba kitu kile ni uchafu. Baba na aweke mkono kifuani, aseme: ahsante sana, mzee wangu, imani yetu haituruhusu. Nasi tusiogope kwamba tumemvunjia heshima. Mhindu akihudhuria Misa hatumpi Ekaristi, wala hatumdharau kwa hilo. Na yeye pia, kwa ajili ya imani yake, anavyo vyakula asivyovigusa mezani petu.