MTO RUSIZI NA SOMO LA JIOGRAFIA

Leo nataka kunena nanyi, hasa ninyi wanafunzi wa sekondari wa Kigoma na Ujiji, juu ya jiografia. Wengi hudhani kazi yake ni kukariri majina ya mito na milima tu. La, sivyo. Kazi yake ya kwanza ni kuuliza na kwenda kutazama.

Mwaka 1858 Burton na Speke walitoka Ujiji kwa mitumbwi, wakafika Uvira, kaskazini mwa Ziwa Tanganyika. Wenyeji wakawaambia wazi kwamba mto Rusizi huingia ziwani. Lakini wao wenyewe hawakuufikia mto huo, na huko Ulaya mabishano hayakwisha: labda Rusizi hutoka ziwani kwenda Nile! Novemba 1871 Livingstone na Stanley wakapanda mtumbwi pale Ujiji, wakaenda hata mlangoni mwa mto, wakaona kwa macho yao: maji yanaingia. Wenyeji walikuwa wamesema kweli. Mwaka 1874 Cameron akauona Lukuga, upande wa magharibi. Huo ndio mto utokao. Basi maji ya Malagarasi wetu, yakiisha kupita ziwani, hushika njia ya Lukuga na Lualaba, yakafuata mto Kongo hata bahari ya Atlantiki.

Kwa hiyo, mwanafunzi, usomapo ramani, muulize na mvuvi wa kwenu, kisha nenda ukatazame. Ajuaye majina tu atajibu mtihani. Aulizaye sababu ataijua nchi yake.