Picha Moja, Maneno Mawili

(Haya ni maneno ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Yasomeni pole pole, kisha jibuni maswali yaliyo mwisho.)

 

Leo tutajifunza jambo ambalo kila mtu hulifanya, lakini si kila mtu hulifanya vizuri. Jambo hilo ni kutoa maoni. Watu wawili wametazama kitu kimoja. Mmoja asema, "Ni kizuri sana." Wa pili asema, "Ni kibaya sana." Je, lazima mmoja wao awe mwongo au mjinga? Tutazame mfano mmoja.

Mfano wetu ni picha ya senema iitwayo Tideland. Aliyeiongoza ni Terry Gilliam, mtu aliyezaliwa Marekani akahamia Uingereza. Ilitokana na kitabu cha Mitch Cullin kilichotoka mwaka 2000. Ilipigwa Kanada, katika jimbo la Saskatchewan, ingawa hadithi yake ni ya Texas, huko Marekani. Watu waliiona kwa mara ya kwanza mwaka 2005, katika tamasha la senema la mji wa Toronto. Tafadhali kumbukeni: mhusika mkubwa ni mtoto, lakini picha hii si ya kuonyeshwa watoto.

Sasa sikilizeni hadithi. Yuko msichana mdogo, jina lake Jeliza-Rose. Baba yake na mama yake wote wawili wametekwa na madawa ya kulevya. Mtoto huyu ndiye amtayarishiaye baba yake sindano, kama vile mtoto mwingine angalivyomletea baba yake maji ya kunywa. Mama anakufa. Baba anamchukua mtoto kwa basi mpaka nyumba ya zamani ya bibi yake, iliyosimama peke yake katikati ya mbuga. Huko baba anajipiga sindano, anakaa kitini, haamki tena.

Mtoto hafahamu, au hataki kufahamu. Anazungumza na baba yake kana kwamba amelala tu. Anavyo vichwa vinne vya wanasesere. Anavivika vidoleni, navyo vinasema naye kama dada zake. Anasoma kitabu cha Alice, yule msichana aliyeanguka katika shimo la sungura. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kiswahili mwaka 1940, kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu. Katika macho ya Jeliza-Rose kila kitu ni cha ajabu. Jirani mmoja ni mwanamke ambaye kazi yake ni kukausha wanyama waliokufa na kuwajaza ili waonekane kama wazima. Ndugu wa mwanamke huyo ni kijana mwenye akili pungufu. Kijana huyo huliona garimoshi kuwa ni papa mkubwa sana. Ndoto za watu hawa zinachanganyika na mambo ya kweli, hata mtazamaji hajui asimame wapi.

Bwana Gilliam alijua kwamba watu watagawanyika. Kwa hiyo alijipiga picha mwenyewe, ikawekwa mwanzo, akawaonya watazamaji. Aliwaambia kwamba wengi hawataipenda, wengine wataipenda sana, na wengine hawatajua la kusema. Akawaomba wasahau mambo ya utu uzima na watazame kwa macho ya mtoto, kwa kuwa watoto ni wenye nguvu kuliko tunavyodhani.

Ikawa kama alivyosema. Wako walioinuka wakatoka kabla ya picha kwisha. Mwaka ule ule wa 2005, katika tamasha la San Sebastián, Uspania, baraza la wahakiki wa senema wa mataifa liliipa tuzo. Ilipoonyeshwa Marekani mwaka 2006, wahakiki wengine waliandika kwamba ni chafu na haifai. Picha ni ile ile. Walakini maneno ni mawili.

Sababu ni nini? Sababu ya kwanza ni macho. Picha nyingi zinazoonyesha jambo baya humweka ndani yake mtu wa kusema, "Hili ni baya." Labda ni polisi, labda ni mwalimu. Hapa hayuko. Tunaye mtoto tu, naye anacheka. Mtazamaji mmoja ashukuru kwa kuachiwa ahukumu mwenyewe. Mwingine aona ameachwa peke yake gizani.

Sababu ya pili ni hatari. Mtoto anacheza na yule kijana mpaka wanabusiana. Kwa mtoto ni mchezo. Mtu mzima aliyeketi mbele ya picha anajua mchezo huo waweza kufika wapi. Moyo wake unapiga, naye hawezi kunyosha mkono amwondoe mtoto pale.

Nitawaambia yaliyonipata mimi. Niliitazama picha hii nyumbani pamoja na dada yangu mkubwa, ambaye ni mwuguzi. Nusu ya picha haijafika, dada akainuka akaenda jikoni. Mimi nilitazama mpaka mwisho, nikaipenda. Nikamwambia, "Dada, wewe umeogopa maiti." Akanijibu, "Sikuogopa maiti. Watoto wa namna ile nawapokea hospitalini. Hawalii. Wanacheza na kofia ya dawa. Watu husema, 'Huyu hajambo, tazama anavyocheza.' Nawe umekwisha kusema vivyo hivyo."

Nikanyamaza. Nilikuwa nimedhani yeye hakufahamu picha, kumbe ameona jambo nisiloliona mimi. Hata leo naipenda picha ile, kwa sababu yaonyesha jinsi mtoto anavyojijengea kibanda cha mawazo ili asife kwa huzuni. Lakini sasa nasema na jambo la pili pamoja nalo: kibanda kile si nyumba. Mtoto anayecheza si lazima awe salama. Mtu mzima aliye karibu hana budi kwenda kutazama. Jambo hili la pili nililipata kwa dada yangu, aliyeikataa picha.

Wahenga walisema, kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Ni kweli. Kwa hiyo msimwulize mwenzenu tu, "Umependa?" Mwulizeni pia, "Umeona nini?" Mnapotoa maoni, fuateni hatua tatu. Kwanza, semeni mlichokiona. Pili, semeni mlivyojisikia. Tatu, semeni kwa nini. Mtu asemaye "ni kibaya" bila ya sababu amefunga mlango. Atoaye sababu ameuacha wazi, na mwenzake aweza kuingia.

Kwa leo somo letu limekwisha. Kwaherini.

MANENO YA KUJIFUNZA
Maoni: yale mtu ayaonayo moyoni mwake juu ya jambo.
Mhakiki: mtu apimaye kitabu au picha na kueleza uzuri na ubaya wake.
Kufasiri: kutoa maneno katika lugha moja na kuyatia katika lugha nyingine.

MASWALI
1. Kwa nini Bwana Gilliam aliwaonya watazamaji?
2. Mwuguzi alitoa sababu gani ya kuikataa picha?
3. Andika sentensi tatu juu ya hadithi au picha uliyoikataa: ulichokiona, ulivyojisikia, na kwa nini. Kisha msomee mwenzako aliyeipenda, umsikilize.