Utafiti wa Utawala Unaishia Wapi?
Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri mbele ya Watendaji wa Kata na Vijiji, Same

Ndugu Watendaji wa Kata na Vijiji,

Sidhani kama yupo kati yenu ambaye hajawahi kumpokea mtafiti. Hufika na kibali, barua ya Mkoa, barua ya Wilaya, na dodoso lenye kurasa nyingi. Huuliza mikutano mikuu ya kijiji imefanyika mara ngapi, mapato na matumizi yamesomwa lini, wananchi wanaridhika kwa kiasi gani. Kisha huondoka. Nimeombwa nieleze kazi hiyo inaweza kutufaa kwa lipi, na kwa lipi haiwezi. Nitatumia mfano wa maji, kwani katika wilaya yetu ni mambo machache ya utawala yanayowagusa watu upesi kama zamu ya maji.

Ndiva mnazifahamu. Maji ya mto hukusanywa humo usiku, asubuhi hufunguliwa, na wakulima humwagilia kwa kupokezana. Katika miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Uholanzi na Sweden walifanya kazi kwa miaka kadhaa katika bonde la Makanya. Walipima mtiririko wa mito, wakasikiliza pia jinsi wakulima wa Bangalala, wanaotumia ndiva ya Manoo, wanavyopatana na wenzao walio juu yao mlimani. Waliona kwamba mapatano baina ya majirani yana nguvu. (Anayemnyima jirani maji leo atakutana naye kesho kwenye msaragambo.) Lakini kadiri mto unavyoshuka kuelekea Makanya, mapatano hayo hudhoofika. Mkulima wa tambarare hana kikao anachokaa pamoja na yule wa mlimani, na vibali vya maji vinavyotolewa kisheria havikuwa vimeliziba pengo hilo.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo utafiti ulipotufaa hasa. Tumezoea kuandika katika taarifa zetu kwamba migogoro ya maji husababishwa na wananchi kukosa elimu. Watafiti hawa walituonyesha sababu nyingine: watu wanaotumia mto mmoja hawana mahali pa kuzungumzia mto huo. Hilo mtendaji anaweza kulishughulikia.

Hata hivyo, mtafiti akishapima maji yote ya bonde, bado hajajibu swali la nani apewe. Je, haki ni ya aliyetangulia kuchimba mfereji, au ya aliye chini ambaye maji humfikia kwa nadra? Swali hilo huamuliwa na watu wenyewe katika vikao vyao, na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 2009. Aidha, yaliyoonekana Manoo hayawezi kuhamishiwa moja kwa moja kwenye skimu ya mpunga ya Ndungu, iliyojengwa kwa msaada wa Japani na yenye mpangilio wake tofauti.

Wilaya hii ilikwisha kuonja hatari ya kuamini kwamba kipimo kinatosha. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilileta Upare kodi iliyopanda kwa kadiri ya mali ya mtu, iliyojulikana kama mbiru. Kwa hesabu za karatasini kodi hiyo ilionekana ya haki: mwenye nyingi alipe zaidi. Mwaka 1945 maelfu ya watu waliteremka hadi hapa Same kuipinga, na baadaye wanawake nao wakajitokeza. Hatimaye ikafutwa. Profesa Isaria Kimambo aliandika habari hizo katika kijitabu cha mwaka 1971. Nionavyo mimi, maofisa waliuliza kila mtu ana mali kiasi gani, na wananchi wakauliza ni nani aliyeamua kuikadiria.

Ndiyo maana nina shaka na dodoso linalohesabu mihtasari. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji angalau mara moja kila miezi mitatu. Faili lenye mihtasari minne laweza kumridhisha mtafiti, ilhali halimwambii kama mama aliyesimama kuuliza fedha za zahanati alijibiwa au aliambiwa aketi.

Tazameni pia tarehe. Ripoti iliyoandikwa kabla ya RUWASA kuanza kazi Julai 2019 itawaambia kuwa maji ya vijijini yako chini ya Halmashauri. Hiyo sasa ni historia.

Kwa hiyo mtafiti akifika, mpokeeni vizuri, na mwombeni nakala ya ripoti kwa Kiswahili. Ikipatikana, isife kabatini. Isomwe mbele ya wale waliohojiwa, nao waseme palipokosewa. Nami ningependa tuanze na bonde la Makanya, vijiji vya juu na vya chini vikiwa katika kikao kimoja.