Muflisi na Wakili Wake

Wasikilizaji wetu, wengi hutuuliza: mtu wa Kenya aliyelemewa na madeni, je, sheria yamsaidia? Naam, yamsaidia, nayo ni Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015.

Wazee walisema, dawa ya deni ni kulipa. Basi kwanza aweza kupatana na wanaomdai, alipe kidogo kidogo. Hilo lisipowezekana, aweza kuiomba Mahakama Kuu imtangaze kuwa muflisi. Ndipo mali yake hutiwa mkononi mwa msimamizi, ili iuzwe na wanaodai wagawiwe.

Je, atanyang'anywa kila kitu? La. Huachiwa vyombo vya kazi yake na vitu vya lazima vya nyumbani, kwa kiasi kilichowekwa.

Je, atakuwa muflisi daima? La. Kwa kawaida hufunguliwa miaka 3 baada ya kutoa taarifa ya mali na madeni yake. Walakini deni la udanganyifu halifutiki. Tena kabla ya kufunguliwa hawezi kuchaguliwa kuwa mbunge.

Je, wakili apatikanaje? Kiulizeni Chama cha Mawakili wa Kenya kama ana cheti cha kazi cha mwaka huu, tena patanani ujira kwa maandishi. Kisha mwambieni madeni yote. Aandikaye ng'ombe wake kwa jina la nduguye ili kuwaficha hujitia hatiani, na ng'ombe hao waweza kurudishwa.

Mficha uchi hazai. Kwaherini.