Redio, Magazeti na Umoja wa Wafanyakazi
(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa tawi)



Kamati imeniomba niseme machache juu ya siasa na vyombo vya habari. Sababu mwaijua. Kila miaka mitano, uchaguzi ukikaribia, wanachama waliokuwa wakila chakula cha mchana pamoja huanza kukaa mbalimbali, kila kabila na redio yake.

Tarehe 30 Desemba 2007, siku yalipotangazwa matokeo ya urais, Serikali ilipiga marufuku habari za moja kwa moja hewani. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha kusemwa. Tume ya Jaji Waki iliandika mwaka 2008 ya kuwa watu 1,133 waliuawa, na watu kama 350,000 walifukuzwa makwao. Mashahidi walizilaumu baadhi ya redio za lugha za kienyeji. Mtangazaji mmoja alishtakiwa huko The Hague, na kesi yake ilikoma Aprili 2016 bila ya yeye kupatikana na hatia.

Mimi siilaumu lugha ya mama. Mzee aliye shambani yampasa kusikia bei ya mahindi kwa lugha aielewayo. Ubaya ulikuwa katika namna ya kazi. Simu inafunguliwa, mtu asiyejulikana anapiga, anawaita majirani zake magugu au madoadoa, na mtangazaji ambaye hakufundishwa kumkatiza anacheka tu. Na mwenzake aliye naye kwenye mashine moja, kwa kuwa haijui lugha ile, hana habari kwamba ametajwa.

Tajiri naye tumtazame. Redio huishi kwa matangazo ya biashara, na matangazo hufuata wasikilizaji. Ugomvi haukosi wasikilizaji! Tena baadhi ya vyombo hivi ni mali ya wanasiasa au jamaa zao.

Kweli, tarehe 3 Januari 2008 magazeti makubwa yalitoka na kichwa kimoja, yakiomba nchi iokolewe. Lilikuwa jambo jema. Lakini kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilikuwa limechomwa siku mbili kabla, na watu wamo ndani. Mwaka 2013 wenye habari waliogopa sana hata wakanyamaza mahali palipotaka maswali, na hilo pia si dawa, maana mtu asiyeambiwa kitu hujitungia chake.

Mwaka 2022 tulijifunza jambo jingine. Fomu za vituo vya kura, zaidi ya 46,000, ziliwekwa wazi na Tume ya Uchaguzi, kila mtu azisome. Basi kila kituo cha televisheni kikajihesabia, kikianza na fomu hizi, chenzake na zile. Jioni ile ile mgombea mmoja yuko mbele huku, na mpinzani wake yuko mbele kule. Hakuna aliyesema uwongo; kila mmoja alionyesha kipande cha hesabu kana kwamba ndiyo hesabu. Baadaye nyingine zikapunguza mwendo, nyingine zikasimama, na maelezo yakawa haba. Mtazamaji aliyekwisha kushangilia angeamini nini, ila kwamba ameibiwa?

Hata hivyo mwandishi wa habari ni mfanyakazi kama sisi. Wengi walio nje ya Nairobi hulipwa kwa kila habari inayochapishwa. Mkutano uliokwisha kwa amani hauchapishwi, na mwandishi hapati nauli yake. Wana chama chao tangu 1962.

Kwa hiyo naleta maombi mawili. Kwanza, kamati iwaandikie wenzetu hao, tuulizane ni vipi tutawasaidia wadai mshahara wa mwezi. Pili, wakati wa kuhesabu kura, kila idara ichague watu wawili wa makabila mbalimbali, wasome fomu za vituo vyao pamoja, na kuzibandika ubaoni hapa ofisini. Ujumbe wa simu usio na jina la mwenyewe usisomwe mkutanoni. Ndugu Mwenyekiti, naomba mambo haya yapigiwe kura leo kabla hatujaondoka.