Kanuni ya Mazingira Inapofutwa Bungeni: Mwananchi Ana Nafasi Gani?

(Mazungumzo na vikundi vya wakazi wanaotunza misitu na kingo za mito, Shinyalu)

 

Nimeombwa nijibu swali linalosikika sana kwenye mabaraza. Kanuni ya kulinda mazingira inatangazwa redioni, watu wanaanza kuifuata, halafu tunasikia wabunge wameifuta. Sasa mkubwa ni nani, Waziri au Bunge?

Mkubwa ni Bunge, na si kwa sababu ya ubabe. Katiba yetu, Kifungu cha 94, inasema hakuna mtu wala taasisi nyingine inayoweza kutunga jambo lenye nguvu ya sheria isipokuwa imepewa idhini hiyo na Katiba au na sheria. Kwa hivyo Waziri wa Mazingira anapotia sahihi kanuni zilizoandaliwa na NEMA, anatumia kalamu ya kuazimwa. Aliyemwazima ana haki ya kuuliza ameandika nini.

Msidhani kanuni ni kitu kidogo kwa sababu hutungwa chini ya sheria nyingine. Chukueni ukingo wa mto. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inataka mito ilindwe. Lakini ilindwe kwa mita ngapi? Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ndizo zilizoleta kipimo: kusiwe na kilimo wala ujenzi kando ya mto, kuanzia mita 6 hadi mita 30 kila upande, ikihesabiwa kutoka pale mafuriko makubwa kabisa yalipofika. Wewe unayelima nduma kando ya Isiukhu, au unayechoma matofali karibu na Yala, unajua ugomvi na jirani au na afisa wa mazingira huanzia kwenye hizo mita. Kanuni ikifutwa, sheria mama inabaki mahali pake, lakini afisa anakuja shambani bila kamba ya kupimia.

Utaratibu wenyewe umo katika sheria ya mwaka 2013 inayosimamia utungaji wa kanuni zote nchini. Kwanza, kabla kanuni haijatungwa, wale itakaowagusa wanapaswa kuulizwa maoni. Ikishachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, Waziri ana siku 7 za vikao kuhakikisha nakala imemfikia karani wa Bunge ili iwasilishwe mbele ya wabunge. Siku hizo zikipita bure, kanuni inakufa yenyewe. Hakuna kura, hakuna mjadala. Yaliyotendwa kabla ya hapo hayaharibiki, lakini kuanzia hapo haina nguvu. Hapa ndipo mimi hushika kichwa: kazi ya miaka inaweza kupotea kwa sababu faili lilikaa mezani kwa mtu.

Ikifika kwa wakati, inakwenda kwa kamati inayochunguza kanuni. Kamati inauliza: Je, Waziri amevuka mamlaka aliyopewa? Je, kanuni inagongana na Katiba? Je, wananchi walishirikishwa kweli? Kamati ina siku 28, na Bunge linaweza kuziongeza. Ikinyamaza, kanuni inahesabiwa kuwa imepita. Ikipendekeza ifutwe, yote au sehemu yake, na Bunge likikubali, imefutika, na tangazo linapaswa kuchapishwa ndani ya siku 14. Kamati haina ruhusa ya kuiandika upya. Ina panga tu, haina sindano ya kushonea.

Marekani wana sheria ya namna hiyo tangu mwaka 1996. Februari 2017 waliitumia kufuta kanuni iliyolinda vijito dhidi ya taka za migodi ya makaa ya mawe. Kwao azimio hupelekwa kwa Rais atie sahihi, na likishapita, idara hairuhusiwi kuleta tena kanuni inayofanana na ile bila idhini ya sheria mpya. Hapa kwetu azimio haliendi kwa Rais, na Waziri anaweza kurekebisha makosa na kuleta kanuni nyingine. Kwa maoni yangu, hilo la kwetu ni afadhali kwa mito, ila linategemea kama kuna mtu atakayefuatilia.

Kuna anayeniuliza kama wabunge huzitumia nguvu hizi kuwapendelea wenye viwanda. Nitasema hivi: anayeumizwa na kanuni hachelewi kufika mbele ya kamati, na huja na wakili. Sisi tunaofaidika na maji safi mara nyingi hatuonekani. Na idara za serikali nazo zisijitoe lawamani. Ukifanya kikao cha maoni katika hoteli ya mbali, ukawaacha wachimba dhahabu wa Ikolomani na wakulima wa miwa wa Malava, umempa mpinzani wako sababu ya bure.

Tena Bunge si mlango pekee. Marufuku ya ukataji miti ya Februari 2018 haikuondolewa na wabunge. Rais ndiye aliyetangaza kuiondoa Julai 2023. Chama cha Mawakili kikaenda kortini, na mwezi uliofuata Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaisimamisha hatua hiyo kwa muda. Na sisi wa Msitu wa Kakamega tukumbuke mwaka 2021. Sheria ya misitu ya 2016 inataka ombi la kubadili mipaka ya msitu wa umma lipate kwanza pendekezo la Shirika la Huduma za Misitu. Mswada ukaletwa kuondoa sharti hilo. Watu wakapiga kelele kote nchini, na mswada haukuwa sheria.

Kwa kanuni za kaunti, kama za kelele, uchafuzi wa hewa na taka, kazi ya kukagua ni ya Bunge letu la Kaunti. Mwakilishi wadi wako ndiye wa kuanza naye.

Kikundi kikitaka kulifikia Bunge la Nairobi, Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi. Linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, hata kwa mkono, bila matusi na bila kufutafuta. Elezeni mnachotaka, mlikwisha kwenda kwa nani kabla, na kama jambo hilo liko kortini. Asiyejua kuandika aweke alama ya kidole. Lakini angalieni kalenda: siku 28 hazingoji mavuno.

Tuanze maswali. Mama wa kitambaa cha kijani, naona mkono wako umekuwa juu muda mrefu.